Shangazi, damu yetu haina ila

Shangazi, asalam aleikum.

Jana baada ya magharibi, pale Kibokoni, nilisikia wakisema posa ya binti yako irudishwe, kwa kuwa kakake ana saratani ya damu na "damu ya nyumba ile si njema". Nawe ukainama, ukawa wafinya upindo wa leso, usijibu. Nakuandikia hadharani kwa sababu wasemao ni wengi.

Kromosomu, zile nyuzi zibebazo maagizo ya mwili ndani ya seli, kwetu ni 46, nusu za mama, nusu za baba. Kilichompata mwanao hakuzaliwa nacho. Kilizuka ukubwani, ndani ya uboho wa mifupa, katika seli moja tu: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika, kisha vipande vikaungwa kwa kubadilishana.

Umepinda leso tangu usichana. Hebu twaa mbili za majina tofauti, uzikate katikati ya jina, uunge nusu ya hii na nusu ya ile. Utasoma neno ambalo hakuna aliyelichapisha. Ndivyo jeni mbili, yaani maagizo mawili yaliyomo katika kromosomu hizo, ziitwazo BCR na ABL, zilivyoungana, zikatoa amri isiyozimika: gawanyika, gawanyika. Chembe nyeupe zikafurika, bandama ikavimba. Ndilo lile gumu chini ya mbavu za kushoto, tulilosema ni gesi. Hilo hunichoma hadi leo.

(Lukemia, yaani saratani za damu, ni nyingi, na kasoro zake hutofautiana. Hii ni ile sugu ya mieloidi.)

Watafiti Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu hiyo ya 22 iliyofupika mwaka 1960, kule Philadelphia, Marekani. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kuwa vipande vimebadilishana. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinib, dawa inayoizuia ile protini yenye amri mbovu. Haling'oi kosa, hulinyamazisha. Ndiyo maana vidonge vya siku nne nilivyovikuta kwenye kikasha chake, havijamezwa, vimeninyima usingizi. Ajihisi mzima, ndiyo, lakini kuacha dawa ni uamuzi wa daktari na vipimo vyake.

Na hili liwafikie wenye posa: kosa limo ubohoni, halimo katika mbegu ya uzazi. Halimshukii hata mtoto wa mgonjwa mwenyewe, sembuse dadake. Hukumpa wewe, wala marehemu babake.

Wageni wakija Ijumaa, niite. Nitakuja na leso mbili na mkasi.