Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ngozi, Ini na Macho Yetu

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu wanachama wa Lamu na visiwa vyetu.

Mwaka huu kamati ya chama chetu cha wenye PXE, maradhi ya kurithi yanayoshika ngozi, mishipa ya damu na macho, ilipitisha uamuzi ambao baadhi yenu hamkuupenda, nami sina budi kuueleza kwa kituo. Mfuko wa chama hautanunua tena mafuta na dawa za kupaka za madoa ya shingoni. Fedha hizo zitalipia nauli na uchunguzi wa macho.

Najua madoa yale yanavyoumiza roho. Vipele vya manjano huanza shingoni na kwapani, ngozi hulegea, na msichana huvuta mtandio mpaka kidevuni. Lakini chanzo hakiko kwenye ngozi. Tangu mwaka 2000 inajulikana kuwa maradhi yetu, PXE, hutokana na hitilafu ya jeni ya ABCC6 iliyoko kwenye kromosomu ya 16, na jeni hiyo hufanya kazi zaidi ndani ya ini. Mwaka 2013 ilibainika kwamba protini yake huliwezesha ini kutoa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ambayo ikifika nje ya seli huzaa pairofosfeti. Pairofosfeti huzunguka na damu ikizuia kalsiamu na fosfeti zisigande pasipo mfupa. Kwetu sisi hiyo ni haba, kwa hiyo madini huganda kwenye nyuzi za mnyumbuko: za ngozi, za mishipa ya damu, na za utando ulio nyuma ya retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga. Mafuta ya kupaka hayawezi kulifikia ini.

Wengi mmeniuliza habari za vidonge vya vitamini K. Swali hilo lina msingi. Kuna protini iitwayo MGP ambayo hukaa kwenye kuta za mishipa na kuzuia madini yasigande, lakini haifanyi kazi mpaka vitamini K isaidie kuikamilisha. Mwaka 1997 panya waliozaliwa bila MGP mishipa yao mikuu iligeuka migumu, wakafa kabla ya kumaliza miezi miwili. Na katika ngozi ya wagonjwa wa PXE imekutwa MGP ambayo haijakamilika. Matumaini yalikuwa makubwa, nami nilikuwa nayo. Hata hivyo, panya wasio na ABCC6 walipolishwa vitamini K nyingi, madini yaliendelea kuganda. Basi tusitupe fedha huko, na yeyote anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ambayo vitamini K huipunguzia nguvu, asimeze vidonge hivyo bila idhini ya daktari wake.

Habari njema kiasi imetoka Uholanzi. Huko wagonjwa 74 walifuatiliwa mwaka mzima, baadhi wakipewa etidronati, dawa ya zamani ya mifupa inayofanana na pairofosfeti. Kwa waliopewa dawa, madini katika mishipa ya miguu yalipungua kidogo. Kwa wengine yaliongezeka. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2018. Bado si tiba ya kujinunulia dukani.

Jicho ndilo lisilosubiri. Utando ule ukishakakamaa hupasuka, mishipa mipya ikachipuka chini ya retina na kuvuja. Sindano za jichoni huweza kuizuia, lakini zikiwahi. Kila mmoja afumbe jicho moja, atazame mwimo wa mlango, kisha abadilishe. Ukiuona umepinda, safiri Mombasa kwa daktari wa retina wiki hiyo hiyo. Na vijana wetu, nawasihi kwa mapenzi: msiingie uwanjani kucheza kirumbizi. Fimbo moja karibu na jicho yaweza kuchukua nuru yote.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Maradhi haya si husuda wala kosa la mama. Baba na mama kila mmoja hubeba nakala moja yenye hitilafu bila kuugua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Sisi tunaooana watoto wa ami tunakutana na nakala hizo kwa urahisi zaidi. Sikatazi ndoa ya mtu. Naomba ndugu wa kila mgonjwa nao wapimwe macho, hata kama shingo zao ni safi.

Ada zifike kwa mweka hazina kabla ya Ramadhani. Wanachama wa Pate, Siyu na Faza wanaotaka kwenda uchunguzini wamjulishe katibu mapema, tupange safari kwa kufuata maji kujaa.