Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "arudi baada ya miezi 6" siyo majibu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kwa ajili ya mama yangu mdogo, ana miaka 43, anauza chai na maandazi asubuhi, na nilimsindikiza mwenyewe kupima kansa ya mlango wa kizazi kwenye hospitali moja huku mkoani, siitaji jina mana wahudumu walitupokea vizuri na walifuata utaratibu waliopewa. Majibu yalitoka baada ya wiki 5. Kikaratasi kimeandikwa ASC-US, na chini yake kwa peni ya bluu "arudi baada ya miezi 6". Basi. Akakikunja akakifunga kwenye pindo la kanga, njia nzima kwenye daladala kimya, tunakaribia kushuka ndo ananiuliza, hivi mwanangu, hii ni kansa au siyo kansa?

Sikuwa na cha kumjibu. ASC-US maana yake mtaalamu ameangalia kwenye darubini akaona seli hazijakaa kawaida ila hawezi kusema kwa nini, inaweza ikawa muwasho tu wa kupita, inaweza ikawa mwanzo wa ugonjwa, na jicho peke yake likifika hapo limefika mwisho.

Lakini maabara inaweza kuendelea, mheshimiwa. Kuna kipimo cha kirusi chenyewe kinacholeta kansa hii, HPV. Aina mbili tu, 16 na 18, zinasababisha karibu asilimia 70 ya kansa hii, kwa hiyo ukijua kirusi kipo na ni aina gani, unajua nani afuatiliwe haraka na nani umwambie mama nenda kalale usingizi. Na ile mashine ya GeneXpert tunayopimia TB ina katriji (kifaa kidogo cha kuwekea sampuli) ya HPV, jibu linatoka ndani ya kama saa 1. Saa 1! Sisi tulisubiri wiki 5 tukapata swali. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 wanapendekeza kipimo hiki kiwe ndo cha kwanza, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo kubwa sana kwa wamama wanaoona aibu kupanda kile kitanda.

Kukutwa na HPV siyo kukutwa na kansa, wengi mwili unakiondoa wenyewe, ndo mana kuna kipimo kingine cha kuchuja, cha protini mbili, p16 na Ki-67. Nilielezwa na mtu wa maabara nikaelewa hivi: p16 ni kama breki ya seli, Ki-67 inaonekana pale tu seli inapojigawa. Seli yenye afya haiwezi kuwa na vyote viwili kwa pamoja, breki imekanyagwa na gari bado linakimbia. Kirusi kikishaharibu mfumo ndo unaviona ndani ya seli moja, p16 rangi ya kahawia, Ki-67 nyekundu, na huyo mama anapelekwa kwenye kolposkopi, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kifaa kinachokuza, asisubiri. Mwaka 2024 WHO wamekikubali kipimo hiki cha protini kwa waliokutwa na HPV.

Najua vitendanishi vyake ni ghali na vinataka wataalamu, sisemi kifike kila kituo cha afya, kianzie hospitali za kanda. Ila katriji za HPV naomba zije kwenye mashine zilizopo, na wa kwanza wawe wanawake wanaoishi na VVU mana hatari yao ni mara 6 ya wengine. Chanjo ya HPV kwa mabinti mmeianza tangu 2018 na tunawashukuru kwa moyo wote, lakini mama mdogo alishapita umri ule zamani, yeye kilichobaki ni kipimo.

Na yale majibu, mheshimiwa, yaandikwe Kiswahili. Sentensi 2 zinatosha.

Miezi 6 yake inaisha mwezi wa 9. Kile kikaratasi bado kipo kwenye pindo la kanga, kimeanza kuchanika kwenye mkunjo, na kila akifungua kutoa chenji ya wateja nakiona. Naomba akirudi siku hiyo sampuli yake iingie kwenye mashine, na aondoke anajua.