Kibao hiki kimetoka nyumba gani?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maandishi ya kikabari, yale ya kale yaliyobonyezwa kwenye udongo mbichi, niliisoma neno kwa neno, na mfalme Hammurabi mmemweleza vizuri. Ila chini ya picha ya kile kibao cha udongo mmeandika tu "Mesopotamia ya kale", yaani eneo la Iraki ya leo. Kilichimbuliwa wapi? Hamkusema, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtunza stoo, leja nimezishika miaka mingi, na vibao ninavyovipenda ni vya watu wa kazi kama yangu: mgawo wa shayiri na pombe, idadi ya kondoo, hati za madeni. Vingi vinaenea kiganjani. Kule Kanesh, katika Uturuki ya leo, karibu miaka 3,900 iliyopita wafanyabiashara wa Ashuru, mji wa kale katika Iraki ya leo, walipeleka vitambaa na madini ya bati kwa punda. Hati ya deni waliivika bahasha, nayo ya udongo, ikapigwa mihuri. Deni likiisha kibao kilivunjwa. Wenyewe walisema "kimeuawa".

Mmoja wao, Pushu-ken, alimwacha mkewe Lamassi mjini Ashuru, akisimamia ufumaji wa vitambaa vya kumpelekea. Katika barua moja mama huyu anamlalamikia mumewe: tangu uondoke, Shalim-ahum amekwisha kujenga nyumba mara mbili; sisi tutajenga lini? Naisikia sauti yake kabisa.

Lakini barua zake zilifukuliwa na wanakijiji, zikauzwa, zikatawanyika kwenye makumbusho ya ng'ambo. Bedřich Hrozný, mtaalamu wa Kicheki wa lugha za kale, alikuja kupagundua zilikotoka mwaka 1925. Tangu 1948 wanaakiolojia wa Uturuki wanachimba hapo nyumba kwa nyumba, ndiyo maana kwa familia nyingine tunajua barua zilikaa chumba gani, pamoja na hati zipi. Za Lamassi ni kama kurasa zilizochanwa kwenye leja: tarakimu unazisoma, zilizotangulia na kufuata huzioni.

Na wizi huu si wa zamani tu. Baada ya vita vya 2003, maeneo ya kale ya Iraki yalifukuliwa ovyo. Mwaka 2021 Marekani iliirudishia nchi hiyo vitu takriban 17,000, vikiwemo maelfu ya vibao.

Mkichapisha picha nyingine, tafadhali andikeni kibao kilichimbuliwa wapi, na nani, mwaka gani. Kama hakuna anayejua, chapisheni hilo pia, chini ya picha.

Msomaji wenu,
Mtunza stoo