Mnaosema "nilikupigia hukupatikana" mnatuumiza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na hawa ndugu zetu wa "nilikupigia sana hukupatikana", maana sasa wamezidi.

Mtu kusahau kupiga simu ni kawaida wala sina ugomvi nae, hata akisema nilibanwa au sikuwa na hela ya vocha namwelewa. Kinachoniuma ni pale anaposema alipiga ila mi ndo sikupatikana, kwasababu hapo kosa lake ananibebesha mimi. Hivi karibuni tumepata msiba kwenye ukoo wetu, mjomba kafia Morogoro akasafirishwa kuzikwa Muheza, mi niko Dar simu ninayo mkononi ina chaji, watu wa kazini wananipigia napokea, wateja wananipigia napokea, alafu taarifa naja kuipata kwa jirani wa kule kijijini watu washarudi makaburini. Kuulizwa ndugu aliyepewa kazi ya kutujulisha anajibu mbele ya wazee bila hata aibu, "huyu tumempigia mpaka tumechoka, kazima simu". Sasa wazee watamwamini nani? Mi ndo nimeonekana naukimbia msiba na rambirambi zake.

Zamani sawa, minara michache, watu wanapanda mlimani kutafuta mtandao na dakika moja ni ghali, ukiambiwa mtu hakupatikana unakubali. Saivi mitandao mingi ukizima simu ukija kuwasha inakuletea meseji kwamba namba fulani ilikutafuta saa fulani, na mi sikuletewa hata moja. Huna salio unaweza kukopa, ukishindwa kuna ile meseji ya bure ya tafadhali nipigie, kuna kubipu hakukatwi hata shilingi. Najua mtandao kuna wakati unasumbua kweli na umeme unakatika, ila mbona mchango wa harusi ukitakiwa napatikana hata saa nne usiku?

Mafundi cherehani nao hivohivo, kitambaa chako cha sikukuu hakijaguswa anakwambia "dada nilikupigia uje nikupime hukupatikana".

Ila wanaonikera kuliko wote ni wanaowafanyia hivi wazazi wao. Mama yupo kijijini, mtoto wa mjini miezi inapita hajapiga, akija kupiga anaanza na "mama kila nikikupigia hupatikani". Yule mama anaamini, anaona kisimu chake kibovu, anampa kijana wa dukani amkagulie, hata kukizima usiku anaogopa, yani mtu mzima anahangaika na ubovu ambao haupo.

Wewe uliyekabidhiwa kutupa taarifa za msiba, najua gazeti hili unasoma. Kama ulisahau nenda kawaambie wazee ulisahau, na uwaambie kabla ya arobaini, maana nakuja na nataka nikifika jina langu liwe limeshasafishwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam