Tuanze na nondo, si viwavi

Mhariri,

Habari mliyochapisha kuhusu viwavijeshi kushambulia mahindi ilieleza hasara vizuri, ila haikusema ni viwavijeshi wa aina gani. Wapo wetu wa siku zote, wanaotembea kwa makundi, na wapo vamizi waliogunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuingia nchini mwaka uliofuata. Hawa vamizi hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, dawa ikapita juu. Nimeshapuliza shamba zima bure. Jirani ndiye aliyenionyesha alama ya Y iliyopinduliwa kwenye kichwa cha kiwavi na madoa manne karibu na mkia, dalili za yule vamizi. Dawa ilikuwa imekwisha, na fedha pia.

Kiwavi huyo alitokana na nondo, yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo, aliyetaga wiki mbili tatu nyuma, pengine yule yule aliyezunguka taa ya kibarazani. Napendekeza kila kata iwe na mitego ya taa na ya harufu ya nondo jike, bwana shamba awatambue nondo walionaswa na kuwahesabu kila wiki, na idadi ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kabla mahindi hayajafika magotini.

Mkulima wa mahindi,
Kilosa, Morogoro