MALALAMIKO: Mmenitolea propela, sasa gari inatembea nikiipaki na nikiiendesha haiendi

Kwa Meneja wa gereji,

Habari za kazi bosi. Mimi ni yule mteja wa RAV4 ya silva ya mwaka 2001 niliyekuja kwenu mwezi wa tano, nadhani mnanikumbuka maana wiki ya pili hii simu zangu hampokei, nikaona bora niandike ibaki kwenye maandishi.

Nilikuja na kelele tu. Gari ikifika 60 inaunguruma chini kwenye siti za nyuma, fundi wenu akaingia uvunguni akatoka akasema senta beringi ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu matairi ya nyuma, imekufa. Sawa, beringi bei gani? Hapo ndo mkanipatia, badala ya kunitajia bei fundi akaanza ooh bosi 4WD, kuvuta matairi yote manne, ya nini hapa mjini inakula mafuta bure, tukutolee propela yote ibaki inavuta mbele tu, utatembea kilomita 12 kwa lita moja. Na mimi na bei ya petroli ilivyo nikaingia kichwa kichwa, hilo kosa langu nalikubali. Laki na themanini, risiti ya kuandika kwa mkono eti mashine ya EFD ya risiti za kodi mbovu.

Wiki ya kwanza kelele ikaisha nikawa nawasifia kwa watu. Mafuta nilipima sheli tanki kwa tanki, kutoka 8.5 ikaja 8.7, hiyo ndo faida yote. Na difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, mmeiacha, eksel za nyuma mmeziacha, zote bado zinazungushwa na matairi, sasa mzigo mmepunguza upi?

Halafu yakaanza maajabu. Naishi Kimara, ninapopaki pana mteremko kidogo. Asubuhi moja natoka nakuta gari imesogea bampa imegusa ukuta, nikamgombeza dogo anayenioshea gari nikijua kaichezea, anaapa hajaigusa. Kesho yake tena. Gia iko P ya kupaki, funguo nalala nazo mimi. Mama watoto akasema hii gari tuifanyie maombi. Hendibreki kweli sikuwa navuta, gari ya auto ukishaweka P nani anakumbuka hendibreki.

Jibu nimelipata Ilala kwa mzee mmoja fundi wa gia boksi, baada ya gari kunifia. Siku hiyo napandisha Morogoro Road jioni, foleni, ndani tuko watano, nasikia harufu ya kuungua, nakanyaga mafuta injini inalia kwelikweli lakini gari imesimama kama iko N, yaani haina gia. Daladala nyuma honi, matusi, mpaka nikavutwa. Tumefika nyumbani wakafungua kamba, nimeweka P kwa mazoea, gari hiyooo ikashuka ikapiga geti la jirani. Kulichomelea elfu tisini na jirani mpaka leo salamu yake ni ya nusu.

Yule mzee alinielewesha kwa viganja vyake tu. RAV4 ya toleo hili 4WD yake ni ya muda wote, haina ya kuwasha na kuzima, katikati kuna senta difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukitoa propela upande wa nyuma unabaki hauna mzigo, na difu siku zote nguvu inakimbilia kwenye wepesi. Kilichokuwa kinaivuta gari nikiendesha ni ile viskasi tu ya kwenye senta difu, yenye sahani na mafuta mazito ya silikoni, ambayo kazi yake ni kukaza pale mbele na nyuma zikipishana mwendo, haikutengenezwa ivute gari zima kutwa nzima kwenye foleni. Ikapata moto mpaka ikafa. Na P vilevile, inafunga gia boksi kabla ya senta difu, sasa nyuma hakuna kilichoshikwa kwa hiyo matairi ya mbele yanazunguka yanavyotaka. Yaani gari yangu haina P tangu siku ile mliyonikabidhi na hamkuniambia!

Akanambia pia kwamba RAV4 iliyofuata, ile iliyoanza 2005, ukitoa propela inaenda, kwa sababu yenyewe mbele inavutwa moja kwa moja na nyuma inaungwa kwa umeme ikihitajika. Nahisi fundi wenu kazoea hizo, akaja kunifanyia mimi. Hata Forester za auto za zamani, shemeji anayo, kuna sehemu ya fyuzi imeandikwa FWD, ukichomeka fyuzi inaacha kusukuma nyuma, hakuna cha kufungua bolti. Na kama 2WD ni nzuri hivyo mngenishauri tangu mwanzo niuze nitafute ile RAV4 ya cc 1800 ambayo Toyota walishaiunda hivyo kiwandani. Kila gari na utaratibu wake, ndo maana nikaja gereji sikwenda kwa seremala.

Sasa ninachotaka. Propela yangu, maana kila nikiulizia naambiwa iko stoo, stoo imefungwa, mwenye funguo kasafiri, sasa nasikia ilishauzwa. Laki na themanini yangu. Gia boksi ya mtumba yenye senta difu nzima mtafute nyie mfunge nyie. Beringi nitalipa mimi kwa sababu hiyo ndo iliyonileta. Geti la jirani tugawane, hendibreki nayo nilikuwa na uzembe wangu.

Nawapa siku 14 kuanzia leo, mkikaa kimya barua hii na picha zote nazipeleka Tume ya Ushindani, na ile risiti ya mkono naipeleka TRA, watu wa kodi. Gari mtaikuta nyumbani, matairi yote manne nimeyawekea mawe.

Mteja wenu, mwenye RAV4 ya silva