YAH: KADI YANGU MLIYOIFUTA NIKIWA GUANGZHOU

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hamjambo nyote hapo ofisini. Salamu hizi nazitoa kwa sababu marehemu mama alinifunza kwamba hata ukienda kudai deni lako, bisha hodi kwanza. Basi nimeshabisha.

Mimi ni mteja wa tawi lenu la Kariakoo kwa mwaka wa 11 sasa. Nauza mabegi. Utaratibu wa mteja kusafiri na kadi sina haja ya kuwaeleza, nyinyi ndio mlioutunga na mimi niliufuata. Tarehe 28 Oktoba nilijaza fomu dirishani kwenu: nchi ninayokwenda, siku ya kuondoka, siku ya kurudi, kiwango cha kutumia kwa siku, namba ya simu nitakayopatikana. Ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu. Nakala ni kiambatisho namba 1. Nilimwuliza binti wa dirishani mara mbili, "Kwa hiyo kule haitanisumbua?" Akaniambia, "Mama, wewe nenda kafanye biashara." Nikaenda.

Alhamisi ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi ya kule, nilikuwa ndani ya duka la mabegi pale Sanyuanli, Guangzhou, nikimalizia malipo. Mabegi ya shule 1,200, yuan 25 kila moja. Asilimia 30 nilishatanguliza, zilibaki yuan 21,000. Kadi yenu nilikuwa nimeiunganisha na Alipay, programu ya simu wanayolipia kule China, na hata ile asilimia 3 wanayokata kadi ya nje malipo yakizidi yuan 200 nilishaipigia hesabu. Nikaskani. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakataa. Nikaskani tena. Mara ya tatu ikaingia meseji yenu: ndugu mteja, kadi yako imezuiwa kwa usalama wako, piga namba yetu ya bure.

Namba ya bure, Ndugu Meneja, haipigiki kutoka nje ya nchi. Mnalijua hilo kuliko mimi, na bado ndiyo mliyoichapa nyuma ya kadi mnayoitangaza kuwa ni ya kusafiria. Ikabidi nimwamshe mume wangu, Dar ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, akawasha taa akanisomea namba ya mezani kutoka kwenye kalenda yenu iliyotundikwa sebuleni kwetu. Kalenda yenu imenisaidia kuliko kitengo chenu kizima.

Nikapiga. Dakika 19 nasikiliza muziki na sauti inayoniambia simu yangu ni ya muhimu kwenu. Laini ya Tanzania ukiwa China inakula vocha kama moto kwenye makuti. Hatimaye akapokea kijana. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, muamala wa mwisho, nikamjibu vyote. Akasema kadi imezuiwa kwa sababu imetumika nje ya nchi. Nikamwambia ndiyo, niko nje ya nchi, niliwaandikia kwamba nitakuwa nje ya nchi. Akasema, "Subiri kidogo mama nikusaidie." Dakika mbili hazikufika. Akarudi: "Tayari mama. Nimeifuta kabisa kwa usalama wako. Sasa tembelea tawi letu lolote lililo karibu, uje na kitambulisho cha NIDA, utapewa kadi mpya."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niko Guangzhou."

Akasema, "Sawa mama, tawi lolote tu." Kisha, "Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Naomba mlisome taratibu. Kadi iliyozuiwa inafunguliwa, hata mimi muuza mabegi nalijua hilo. Iliyofutwa imekufa. Nilipiga simu nifunguliwe, nikafutiwa. Kufuta kulifanyika kwa simu, bila NIDA, bila tawi, bila saini. Kurudisha ndiko kunakotaka nivuke Bahari ya Hindi nije nipange foleni. Fedha zangu zilikuwemo kwenye akaunti muda wote huo, hata shilingi haikutoka, nikiziona kwenye simu kama mtu anayeangalia maji ya kisima na kamba hana.

Siku hiyo mchana nilikula tambi za supu kwenye mgahawa wa Waislamu pale Xiaobei. Nilishaanza kula ndipo nikakumbuka kwamba Alipay yangu haina tena kitu nyuma yake. Ukutani pana kile kikaratasi cha kuskani, kimefunikwa nailoni na kimeingia mafuta pembeni. Nikatoa noti pekee niliyokuwa nayo, ya dola 100. Mzee akaigeuza, akaitazama juu kwenye mwanga, akanirudishia kwa mikono miwili, akanipungia niendelee kula. Supu yenyewe yuan 18. Mzee asiyejua jina langu aliniamini kwa yuan 18, na benki inayojua mpaka jina la mama yangu haikuniamini kwa fedha zangu mwenyewe.

Jioni kadi ya mlango wa hoteli nayo ikakataa, kwa kuwa siku nilizolipia zilikwisha na nilikuwa nategemea kuongeza kwa kadi hiyohiyo. Nikasimama koridoni na sampuli zangu za mabegi, kadi mbili mkononi, zote hazifungui kitu.

Msiniulize kwa nini sikubeba fedha taslimu. Ni nyinyi mliotuita semina, mkatupa soda na fulana, mkatuambia wanawake wafanyabiashara tuache kutembea na dola viunoni, ni hatari, ni ushamba, tuchanje kadi. Wenzangu watatu niliosafiri nao hawakuwasikiliza. Walifunga dola zao kwenye kanga kama siku zote, wakabadilisha, wakanunua, wakapakia. Mimi msikivu ndiye niliyebaki.

Nilisaidiwa na kaka mmoja wa Kigoma anayefanya kazi ya kusafirisha mizigo kule. Mume wangu alimtumia mke wa kaka huyo fedha kwa simu huku Dar, na kaka akanihesabia yuan 24,000 mkononi. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu, kwa sababu mpaka tuaminiane, mpaka miamala ya simu ikatwe vipande kufuata kiwango cha siku, siku nne zilishapita. Kontena la kuchanganya mizigo ambalo nilikuwa nimeshaweka nafasi lilifungwa Jumamosi. Lililofuata lilichukua wiki tatu kujaa. Leo naandika barua hii wiki ambayo shule zimefunguliwa. Watoto wameshapita dukani kwangu na mama zao, wameuliza begi la kipepeo, wamelikosa, wamekwenda kwa jirani. Mzigo wangu ndio kwanza umeingia bandarini. Begi la shule lina wiki zake mbili tatu mwanzoni mwa Januari. Zikishapita hizo, utauza nini, na kwa bei gani? Na ghala linataka kodi.

Niliporudi, binti yule yule wa dirishani akanipa kadi mpya kwa dakika 25 na akanikata shilingi 15,000 ya kadi iliyopotea. Nikamwambia haikupotea, hii hapa. Akaniambia mfumo hauna kipengele kingine, una "imepotea" au "imeibwa". Nikamwambia basi weka imeibwa. Hakucheka.

Nimewaandikia barua pepe tatu, tarehe 17 Novemba, 2 Desemba na 20 Desemba. Zote zimejibiwa na mashine kwamba malalamiko yangu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi, kila moja na namba yake mpya, kana kwamba ni wateja watatu tofauti.

Sasa narudi kwenye ile simu, maana nilipoieleza hapo juu nilijizuia, na nimeona kujizuia hakunisaidii.

Simu ile niliiweka sauti ya juu. Nilikuwa nimeshika kadi mkono mmoja ili nimsomee kijana wenu namba, na mkono mwingine nimeshika pasipoti. Mwenye duka alikuwa mbele yangu, binti mdogo tu wa miaka ishirini na kitu, ananisubiri na kikokotoo chake mezani. Kijana aliponiambia nije tawi lolote, nami nikamjibu kwamba niko Guangzhou, hakujibu papo hapo kama nilivyoandika mwanzo. Alinyamaza kwanza. Alidhani ameziba sauti, kumbe hakuziba. Akamwambia mwenzake wa pembeni, "Oya, huyu mama yuko China anaulizia tawi." Wakacheka. Si kijana mmoja, walikuwa wawili au watatu. Kicheko kikatoka kwenye simu yangu kikajaa duka zima.

Na yule binti wa Kichina, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliposikia watu wanacheka akadhani mambo yamekuwa mazuri. Naye akatabasamu. Akavuta kikokotoo, akaandika 21,000, akanigeuzia nione.

Hapo ndipo kijana aliporudi hewani na "sawa mama, tawi lolote tu", na kuniuliza kama kuna jambo lingine anaweza kunisaidia. Mimi sikuulizia tawi. Tawi amelitaja yeye. Mnarekodi simu zenu, sauti yenu yenyewe husema hivyo kabla ya muziki. Itafuteni, msikilize, kisha mje mniambie nimekosea wapi.

Nilipokuwa naanza kuandika, madai yangu yalikuwa mawili: kuombwa radhi kwa maandishi, na kurudishiwa shilingi 589,000. Mchanganuo wake ni vocha za simu 94,000, hasara ya chenji 480,000 kwa kuwa kila yuan ilinigharimu shilingi 20 zaidi, na hiyo 15,000 ya kadi "iliyopotea". Risiti na picha za miamala ni viambatisho namba 2 hadi 6.

Lakini nikiendelea kuandika naona nilikuwa nawahurumia. Ongezeni dola 150 nilizotozwa kusogeza tiketi ya ndege. Ongezeni kodi ya ghala mpaka mzigo ule uishe. Ongezeni faida ya mabegi 1,200 ambayo ningeyauza kwa bei ya Januari. Daftari langu la mauzo la miaka mitatu lipo, njooni tulifungue pamoja. Na radhi siitaki tena kutoka kwa meneja wa tawi, yeye hakunicheka. Naitaka kutoka kwa mkuu wa kitengo hicho cha simu, na iandikwe kwa Kiswahili nilichochekewa nacho. Kijana sitaki afukuzwe kazi. Nataka afundishwe tofauti ya kuzuia na kufuta, na nataka namba inayopigika kutoka nje ya nchi ichapwe nyuma ya kila kadi mnayoiuza.

Nawapa siku 7 za kazi tangu barua hii igongwe muhuri wa kupokelewa. Zikipita, barua hii pamoja na viambatisho inakwenda kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na nina mtoto wa dada anayesomea sheria aliyenisomea kifungu kwa kifungu, sebuleni, chini ya kalenda yenu.

Na jambo jingine ambalo huenda mfumo wenu hauna kipengele chake. Mimi ni mhazini wa kikoba cha wanawake 25, na akaunti ya kikoba iko tawini kwenu. Tunakutana Jumapili. Sijawasimulia hadithi hii bado, kwa heshima yenu. Jumapili hii nitawasimulia, pamoja na kicheko.

Natanguliza shukrani.

Mteja wenu, tawi la Kariakoo.
Jina kamili na namba ya akaunti vipo kwenye kiambatisho namba 1.

Nyongeza: Nimeshaikunja barua na ninatafuta bahasha, imeingia meseji yenu kwamba nimekatwa ada ya mwezi ya kadi. Nimelinganisha tarakimu nne za mwisho. Si kadi mpya, ni ile ya zamani mliyoifuta. Siku 7 zilizotajwa hapo juu zisomeke 5.